Mshale Kwanza, Upinde Baadaye: Mafunzo Niliyopata kwa Mishale ya Kaboni

Wapiga upinde wakikusanyika uwanjani, upinde ndio unaopokezanwa mikononi. Mbao yake husifiwa, mikunjo ya ncha zake hutazamwa, fundi aliyeuunda huulizwa jina. Mishale hubaki ndani ya podo bila kuulizwa kitu. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba heshima hiyo imekwenda kusiko. Upinde wa kawaida wenye mishale iliyolinganishwa nao hupiga vizuri kuliko upinde wa bei kubwa uliopewa mishale ya kubahatisha, na tofauti yenyewe huonekana kwa macho.

Naishi Michigan, Marekani, jimbo ambalo Fred Bear aliweka kiwanda chake cha pinde katika mji wa Grayling, na upinde wa jadi una wapenzi wengi huku. Ninaposema upinde wa jadi nina maana ya ule usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea: mbao na faibaglasi, upote, vidole vitatu, na mshale unaolala juu ya mshiko wenyewe. Wangu ni rikavu, yaani ncha zake zimejikunja kuelekea mbele. Nalenga wanyama wa povu waliosimamishwa msituni, si wanyama hai. Kaboni niliichagua kwa ajili ya hali ya hewa: wano, yaani mwili wa mshale, likiwa la mti huvuta unyevu na kupinda msimu ukibadilika, bali la kaboni ama limenyooka ama limevunjika.

1. Pauni zilizoandikwa kwenye upinde huenda si zako

Upinde wangu umeandikwa pauni 45 kwa inchi 28. Kwa desturi ya watengenezaji, urefu huo hupimwa kutoka kwenye upote uliovutwa hadi sehemu ya ndani kabisa ya mshiko, kisha huongezwa inchi 1¾. Mimi navuta inchi 27. Kwa upinde wa nguvu hiyo, kila inchi unayopunguza karibu na mwisho wa mvuto huondoa pauni 2 hadi 3, kwa hiyo vidole vyangu hubeba pauni 42 au 43 tu. Mtu wa mikono mirefu anayevuta inchi 30 kwa upinde huohuo atakuwa karibu na pauni 50. Mishale ya watu hawa wawili haiwezi kuwa ya aina moja, hata kama pinde zao zimetoka kwa fundi mmoja siku moja.

Mizani ya kuning'inizia mizigo yatosha kupima. Urefu wa mvuto mwombe mwenzako aupime ukiwa katikati ya kupiga, umekwisha kupasha mwili moto, na aweke alama kwenye mshale pale unapopita mbele ya upinde. Mtu akiambiwa avute ili apimwe hujinyoosha kuliko anavyojinyoosha akiwa peke yake.

2. Mshale hujikunja kabla ya kwenda

Hili ndilo somo lililobeba mengine yote, na anayelielewa hatahitaji kukariri majedwali.

Anayevuta kwa vidole hauachii upote moja kwa moja. Upote huteleza kandokando ya ncha za vidole, na noki, ile sehemu ya nyuma ya mshale inayoukamata upote, husukumwa pembeni kidogo kabla ya kwenda mbele. Wakati huohuo chembe, kile kichwa cha mshale kilicho mbele, kwa uzito wake, kinachelewa kuondoka. Wano lililobanwa kati ya nguvu hizi mbili hujikunja upande mmoja, kisha hujikunja upande wa pili, na likiwa na ugumu unaofaa, mkunjo huo ndio unaolipitisha kando ya mshiko kama nyoka anayezunguka kisiki. Likishapita huendelea kutikisika hewani mpaka manyoya yalitulize.

Robert Elmer, daktari wa Marekani aliyependa sana upinde, aliliita jambo hili kitendawili cha mpiga upinde mwaka 1913. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Clarence Hickman alilipiga picha kwa kamera ya kasi, na watu wakaona kwa mara ya kwanza kile ambacho mikono ya mafundi ilikuwa imekizoea karne nyingi. Wahadzabe, wawindaji wa bonde la Ziwa Eyasi nchini Tanzania, humenya ufito, huupasha moto, huunyoosha kwa meno, kisha huutazama kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha. Hawana jedwali wala namba. Mkono na jicho ndivyo vinavyoamua.

Sisi tunaonunua mawano yaliyotoka kiwandani tumepewa namba badala ya ufito, lakini swali ni lilelile: je, wano hili litajikunja kiasi kinachotakiwa na upinde huu? Likiwa gumu mno halijikunji vya kutosha, na mpigaji wa mkono wa kulia ataona mshale ukienda kushoto. Likiwa laini mno hujikunja kupita kiasi na kwenda kulia.

3. Namba ikipanda, ugumu unashuka

Wano la kaboni hupimwa likiwa limelazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha uzito wa pauni 1.94 huning'inizwa katikati yake. Likishuka nusu inchi huitwa 500, yaani sehemu 500 kati ya 1000 za inchi. Likishuka pungufu ya hapo ni 400, na hilo ni gumu. Likishuka zaidi ni 600, na hilo ni laini. Msomaji, kaa na jambo hili mpaka likuingie, maana mazoea ya kawaida hutuambia kwamba kubwa ndiyo imara.

Wano la mti lina kipimo chake kingine. Nguzo zimeachana inchi 26, uzito ni pauni 2, na jibu hutolewa kwa pauni: gawanya 26 kwa inchi ambazo wano limeshuka. Kwa sababu hiyo, aliyezoea mishale ya mti ya pauni 45 hadi 50 hawezi kuhamisha hesabu yake moja kwa moja. Ukilipima wano la kaboni la 500 kwa njia ya mti, utapata kama pauni 63. Hapo utaona kwa nini wengi wenye pinde za pauni 45 hutembea na mishale migumu mno. Wameingia duka lililozoea pinde za magurudumu, wakataja pauni zao, wakapewa 400 au hata 340. Upinde wa magurudumu huachiwa kwa kifaa, si kwa vidole, na mshale wake hausukumwi pembeni kama wetu.

4. Namba ya kiwandani ni mwanzo wa mazungumzo tu

Kipimo kile cha nguzo mbili kinalipima wano likiwa limelala. Likiwa kwenye upote mambo mengine huingia. Wano refu hujionyesha laini kuliko fupi la namba ileile. Chembe kizito hulilainisha, chembe chepesi hulifanya gumu. Upote wa nyuzi za kisasa zisizonyumbuka husukuma kwa ghafla zaidi kuliko wa nyuzi zinazonyumbuka za Dakroni, na hudai wano gumu kidogo zaidi. Uzito unaoongezwa nyuma, kama karatasi ya urembo au noki yenye taa, hulifanya lijionyeshe gumu.

Kisha kuna kilalio, pale mshale unapolala. Upinde uliokatwa hapo hadi katikati ya upana wake au kupita kidogo huruhusu mshale kuelekea mbele karibu sawasawa na upote, na huo husamehe mengi. Upinde mrefu wa kizamani ambao haukukatwa hadi katikati huufanya mshale uangalie pembeni, na hapo wano laini halina mbadala. Ukibandika ngozi nene kwenye ukuta wa kilalio umeusukuma mshale nje, na utajionyesha mgumu; ukiweka nyembamba, kinyume chake. Kipande cha ngozi kama unene wa njiti ya kiberiti kimewahi kunitosha kumaliza kazi niliyokuwa nadhani inahitaji msumeno.

5. Nunua mawano machache, na uyaache marefu

Usinunue dazani kwa kuamini jedwali. Maduka mengi ya vifaa vya upinde huuza wano mojamoja au seti ndogo ya kujaribia yenye ugumu mbalimbali. Nunua mawili ya 500, mawili ya 600, na kama upinde wako ni mwepesi, mawili ya 700. Nunua pia vyembe vya skrubu vya uzito tofauti, kuanzia greni 100 hadi 200. Greni ni kipimo cha zamani ambacho wapiga upinde hawajakiacha. Gramu moja ina greni kama 15.4.

Mawano yaache yakiwa na urefu wote yaliyotoka nao kiwandani. Kilichokatwa hakirudi. Wano refu likionekana laini, unaweza kulikata kidogokidogo mpaka likae sawa. Fupi lililokuwa gumu utalifanya nini zaidi ya kulitwika chembe kizito?

6. Upinde utulie kabla mshale haujahukumiwa

Nafasi kati ya upote na mshiko, upinde ukiwa umefungwa bila kuvutwa, ina kipimo chake. Kwa rikavu nyingi watengenezaji hutaja kitu kama inchi 7¼ hadi 8¼. Ndani ya nafasi hiyo kuna mahali upinde wako unapokuwa kimya. Sokota upote ili uufupishe, piga, sikiliza; legeza msokoto, piga, sikiliza. Sauti ikiwa ndogo kabisa na mkono hautetemeki, andika kipimo hicho mahali usipopoteza.

Kisha funga alama ya noki kwenye upote. Mimi huanza juu, kama nusu inchi au zaidi kidogo juu ya usawa wa kilalio, na wanaoweka vidole vyote vitatu chini ya mshale huhitaji juu zaidi. Kuanza juu kuna sababu. Alama ikiwa chini mno, mkia wa mshale hujigonga kwenye kilalio na kurukia juu, na utasoma dalili ya noki iliyo juu ilhali iko chini. Mtu anaweza kushinda wiki nzima akishusha kitu kilichotakiwa kupandishwa.

Noki yenyewe iukamate upote kwa mlio mdogo, na mshale ukining'inia uanguke ukiupiga upote kidogo kwa kidole. Ikibana sana hakuna kipimo chochote utakachokiamini.

7. Mshale mtupu husema kweli

Manyoya ni mazuri lakini huficha. Kazi yao ni kuusahihisha mshale, na mshale uliosahihishwa haukuambii ulitoka vipi mkononi. Ndiyo maana ulinganishaji wote hufanywa kwa mshale usio na manyoya.

Simama yadi 10 kutoka kwenye shabaha pana ya povu. Piga mishale kadhaa yenye manyoya, kisha kadhaa mitupu ya urefu uleule na chembe kilekile. Usiangalie sana jinsi mshale mtupu ulivyoinama ukiwa umechomeka, kwa sababu matundu ya zamani kwenye povu huupindisha. Tazama ulipoangukia ukilinganisha na wenye manyoya.

Shughulikia juu na chini kwanza. Mitupu ikianguka chini ya yenye manyoya, alama ya noki iko juu, ishushe kidogo. Ikipanda juu yake, alama iko chini, ipandishe. Hapo ndipo uende kwenye kushoto na kulia. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mitupu ikienda kushoto wano ni gumu: ongeza uzito wa chembe, au chagua wano laini zaidi. Ikienda kulia ni laini: punguza uzito wa chembe, au kata wano, robo inchi kwa wakati. Anayepiga kwa mkono wa kushoto ageuze maelezo hayo.

Badilisha jambo moja tu, kisha upige tena. Ukibadilisha chembe na alama ya noki kwa pamoja hutajua ni lipi lililokusaidia.

Kuna dalili moja ya uongo inayowachosha watu, nami nataka niieleze vizuri. Wano laini mno wakati mwingine hujigonga kwenye ukuta wa kilalio likitoka, na kugonga huko hulirusha kushoto. Mpigaji huona kushoto, husema ni gumu, huongeza uzito wa chembe, na mshale huenda kushoto zaidi. Ukiona hivyo, simama. Umeongeza dawa ya ugumu na ugonjwa umezidi. Basi ugonjwa si ugumu. Rudi kwenye chembe chepesi, na ukague ukuta wa kilalio kama una michubuko. Sauti ya kugonga nayo husikika, ukiizoea.

Yadi 10 zikikubali, rudi 15, kisha 20. Kwangu mimi, wano la 600 lenye urefu wa kama inchi 29¾, kiungo cha ndani kinachoshikilia chembe, cha shaba ya manjano na greni 50, na chembe cha greni 125, ndilo lililoangukia pamoja na yenye manyoya. Mwenzangu mwenye upinde wa pauni zizo hizo na mvuto wa inchi 29 anapiga 500. Mishale mitupu naiacha ielekee kulia kwa upana wa kiganja katika yadi 20, kwa sababu manyoya yatakapobandikwa yataongeza uzito nyuma na kuufanya mshale mgumu kidogo.

Haya yote hayafai kitu siku ambayo mkono umechoka. Mshale mtupu hupima uachiaji wako pia. Ukiona mmoja umekwenda kushoto, wa pili kulia, wa tatu juu, tundika upinde ukutani mpaka kesho.

8. Uzito: wa kutosha, na mwingi uwe mbele

Watengenezaji wengi wa pinde za jadi hutaka mshale usipungue greni 8 kwa kila pauni ya mvuto. Mshale mwepesi kuliko hapo hauchukui nguvu yote ya upinde, na nguvu iliyobaki hurudi kwenye mbao na upote kwa kishindo. Mimi napenda karibu greni 10 kwa pauni. Mshale wangu una kama greni 417, na upinde unazungumza kwa sauti ndogo.

Mgawanyo wa uzito huo una hesabu yake. Tafuta mahali mshale unaposimama sawa juu ya kidole, pima kutoka kwenye shimo la noki hadi hapo, ondoa nusu ya urefu wa mshale bila chembe, kisha gawanya kwa urefu wote. Mshale wa inchi 30 unaosimama sawa kwenye inchi 20½ una asilimia 18 mbele. Ed Ashby, Mmarekani aliyefanya majaribio yake Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, ndiye aliyewafanya wawindaji wengi wapende mishale mizito ya mbele kwa ajili ya wanyama wakubwa. Kwa mlenga povu sioni haja ya kufuata asilimia kubwa. Mbele kukiwa kuzito mshale hujinyoosha upesi, na hilo ni jema, lakini kila greni unayoongeza huushusha mshale mapema, na anayelenga kwa mazoea ya jicho atalazimika kujifunza upya.

9. Manyoya ya bata mzinga, si plastiki

Mshale wetu hupita juu ya kilalio ukikigusa. Unyoya hulala ukapita. Jani la plastiki hugoma na kuurusha mshale. Matatu ya inchi 4 yanatosha. Yote yatoke bawa la upande mmoja, kulia au kushoto, na mzunguko wa kubandika ufuate bawa hilo. Safisha wano kwa spiriti kabla ya gundi. Mvua ikianza, funika podo.

10. Kukata kaboni

Tumia diski ya kusaga inayokwenda kasi, kamwe si kikata bomba, ambacho hupasua nyuzi. Vaa barakoa na miwani, kata nje ya nyumba, na usipulize vumbi lake mezani ambapo watoto watashika. Sugua mdomo wa wano kwa msasa mpaka ukae sawasawa. Kiungo kilichokaa upande kitaharibu kazi yote ya mshale mtupu. Kuhusu unyoofu, mawano huuzwa kwa daraja za inchi 0.001, 0.003 na 0.006. Kwa yadi 20 na vidole vitatu, daraja ya 0.006 inatosha, na pesa iliyobaki inunulie vyembe.

11. Kunja kila mshale kabla ya kuupiga tena

Kaboni haitoi onyo kama mti. Wano lililogonga jiwe au mshale mwingine linaweza kuonekana zima huku nyuzi zake zimekatika ndani. Likipigwa hivyo linaweza kupasuka kwenye upote, na vipande vyake huingia mkono ulioshika upinde. Shika ncha zote mbili, likunje kidogo, lizungushe, likunje tena pande zote, ukisikiliza. Pitisha kitambaa laini au pamba juu yake uone kama inanasa. Likilia, au likinasa, au ukiwa na shaka tu, livunje vipande viwili pale pale ili mtu mwingine asiliokote akalipiga. Fanya hivyo kila unapochomoa mishale, na mfundishe hivyo kila unayemkabidhi upinde.